Kome Waliokataliwa Kiwandani

Saa mbili asubuhi soko limekwisha kuchangamka, na nje ya lango lake kubwa, pembeni ya fundi viatu, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi anamenya yai la kuchemsha. Analigonga mara moja kwenye ukingo wa beseni, analiviringisha kiganjani, na ganda linatoka zima kama kofia. Mteja anapokea yai lake na kutupia jicho kikopo kilichofunikwa.

"Nitilie na pilipili, mama."

"Jitilie mwenyewe, mwanangu. Kijiko hicho hapo."

"Siku hizi muuzaji hata kutilia hatilii?"

"Huyu hatilii. Ukiwashwa, ujue umejiwasha mwenyewe."

Mteja anacheka. Fundi viatu hacheki. Yeye anajua maneno hayo yametoka wapi.

Ndani ya soko, safu ya tatu kutoka kwenye bomba la maji, ipo meza ya saruji iliyozungushiwa kamba ya manila yenye kibao: IMEFUNGWA. Kwa miaka kumi na miwili meza hiyo ilikuwa ya mwanamke huyu. Aliuza juu yake kome wa kuchemsha, wale viumbe wa baharini wenye gamba la pande mbili, na ndiyo maana mpaka leo, ingawa beseni lake limejaa mayai, hana jina jingine. Ni Mama Kome.

"Wanataka niombe radhi," anasema. "Nisimame mbele ya soko zima niseme niliwalisha watu uchafu. Nikisema hivyo, kamba inakatwa hapo hapo. Nisiposema, Ijumaa hii meza inapewa mtu mwingine." Anachukua yai jingine na kuligonga. "Mimi nina mengi ya kuomba radhi. Muulize mume wangu, atakuhesabia. Lakini uchafu hautakuwamo."

Kazi ya kome alifundishwa na mama yake mzazi, ambaye hakuwahi kuwa na meza. Yeye aliuza kwa beseni kichwani, nyumba kwa nyumba. Kanuni zake zilikuwa za mtu asiye na mtaji zaidi ya jina lake. Kome wanaoshwa kwa maji matatu. Kila mmoja anagongwa kwa mgongo wa kisu: akifunga mdomo, yu hai, aingie sufuriani, akibaki ameachama, atupwe. Baada ya kuchemka, asiyefunguka naye atupwe.

"Mama alikuwa akisema, kome akiwa hai hufunga, akiiva hufungua. Anayefanya kinyume ana lake jambo," anasimulia. "Wateja walikuwa wakinicheka. Wananiambia, 'Mama Kome, unawapigia hodi?' Nawajibu, 'Ndiyo, na asiyeitikia haingii tumboni mwako.'"

Kwa biashara hiyo alisomesha watoto watatu na kulipa kodi ya vyumba viwili. Mayai, anasema, hayafikishi hata theluthi ya mapato yale.

Siku iliyoharibu mambo ilianza kwa bahati. Ulikuwa msimu wa joto kali, na maji ya bahari yalikuwa yametulia kwa muda mrefu. Mzamiaji aliyekuwa akimletea kome alifika na magunia mawili badala ya moja. Ndani yake mlikuwa na kome ambao Mama Kome alizoea kuwaona wakipita tu ndani ya gari la barafu: wakubwa kama kiganja, weusi, wazito. Hao ni wale wanaopelekwa kiwandani, wakagandishwe na kusafirishwa nje ya nchi. Sokoni huletwa masazo.

"Nikamuuliza, 'Leo umeniota?' Akasema, 'Kiwanda hakinunui wiki hii. Sijui kwa nini, nadhani ghala limejaa.' Nikamwambia, 'Basi Mungu azidi kulijaza.' Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu huu."

Aliwaosha kwa maji matatu. Aliwagonga mmoja mmoja, na karibu wote walifunga midomo. Walikuwa wabichi, wazima, hawana harufu yoyote ila ya bahari. Akawachemsha mpaka wakafunguka wote. Kisha akamwaga juu yao kitu kilichokuwa kimempa sifa kuliko hata kome wenyewe: pilipili yake ya kusaga kwa ndimu.

Pilipili hiyo ndiyo iliyowaficha ukweli.

Wateja walipoanza kula, midomo yao ilianza kuwachezacheza. Ncha za ndimi zikafa ganzi. Kwenye meza nyingine yoyote, labda mtu angeshtuka. Kwenye meza ya Mama Kome, watu walipiga makofi.

"Leo umeisaga na nini hii? Mdomo sina!"

"Mimi hata ulimi siusikii. Ongeza!"

"Nami nikaongeza," anasema Mama Kome. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inasimama. "Kichwa kilinivimba. Mtu ananiambia ulimi umekufa ganzi, mimi namwongezea ndimu. Nilidhani wananisifu."

Kati ya waliokula alikuwemo mchukuzi wa soko aliyejulikana kwa jina la Winchi, kwa sababu mizigo iliyoshinda watu wawili aliinua peke yake. Alikula mabakuli mawili. Alipoinuka alisema anajisikia mwepesi, kama mtu anayeelea majini. "Leo gunia la sukari nitalibeba kwa kidole," aliwatania wenzake. Hata hivyo hakubeba kitu. Alisema anakwenda nyumbani kujinyoosha kidogo, na mkewe, ambaye alikuwa uani akifua nguo za watu, alimwacha alale. Alipokwenda kumwamsha, Winchi alikuwa ameshakata roho.

Wa pili kuzidiwa alikuwa wa nyumbani. Mama Kome alifanya kazi pamoja na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha sahani na, kwa maelezo ya Mama Kome, "kudokoa sufuriani kama paka mwenye funguo." Siku hiyo wifi alidokoa vya kutosha. Mara sahani ikamponyoka mkononi.

"Nikamkaripia," anasema Mama Kome. "Nikamwambia, 'Wifi, hizo sahani hatukuletewa mahari.' Akaniangalia. Akasema, 'Imenitoka, wala sikuisikia.' Kuongea kwenyewe alikuwa kama mtu aliyetoka kwa daktari wa meno. Akajaribu kuinuka, miguu ikakataa."

Wifi mwenyewe leo ni mzima. Tulimkuta nyumbani akikuna nazi, akasimulia huku akiendelea na kazi yake. Anasema kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba akili haikumtoka hata kidogo.

"Macho siwezi kufumbua, kidole siwezi kuinua, pumzi nayo inakata. Lakini nasikia yote. Namsikia mtu anasema, 'Huyu amekwisha.' Namsikia muuguzi anasema, 'Hajakwisha, nishikie hapa.' Wakaniwekea mpira mdomoni, wakawa wananipulizia hewa kwa kubinya mfuko kwa mikono, huyu akichoka anapokea yule. Mashine hakuna. Nikamsikia na kaka yangu analia, anasema mimi ndiye dada yake mpole kuliko wote. Nikasema moyoni, ngoja nipone, maneno hayo atayarudia mbele ya watu."

"Aliyarudia?"

"Anasema hakumbuki." Anaikuna nazi kwa nguvu. "Mimi nimepona kwa sababu niliangukia mikononi mwa watu. Winchi aliangukia kitandani kwake."

Watu wengine kumi na mmoja waliugua siku hiyo, wakapona. Kabla hata Winchi hajazikwa, sokoni hukumu ilikuwa imeshatoka: uchafu. Wengine walisema Mama Kome aliosha kome kwa maji ya mtaroni. Wengine walisema alichanganya wa jana na wa juzi. Bwana afya alifika, akaifunga meza kwa kamba, na siku ya pili akabandika bango kwenye nguzo: OSHA. CHEMSHA. FUNIKA.

"Yote matatu niliyafanya," anasema Mama Kome. "Bango lile nilipolisoma nilidhani limeandikwa kwa kunisifu."

Daktari aliyemhudumia wifi ndiye wa kwanza kutilia shaka. Uchafu, aliwaambia, huanzia tumboni. Ugonjwa huu ulianzia midomoni. Aliomba kome waliobaki, akawapeleka maabara ya uvuvi. Majibu yalirudi haraka, maana hapakuwa na la kutafuta. Maabara ilikuwa inaijua sumu hiyo tayari.

Mpimaji wa maabara hiyo, mama wa makamo anayeongea polepole, alikubali kueleza mradi asitajwe. Anasema baharini mna vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa kawaida havina neno. Lakini maji yakipata joto na kutulia, aina fulani huzaliana kupita kiasi, na baadhi ya aina hizo hutengeneza sumu. Kome hula kwa kuchuja maji mchana na usiku, kwa hiyo sumu hiyo hurundikana mwilini mwake. Yeye haimdhuru. Hubaki mzima, mnene, mtamu.

"Haina harufu, haina ladha, haina rangi," anasema. "Bahari inaweza kubadilika rangi, na inaweza isibadilike. Kuchemsha hakuiondoi. Kugandisha hakuiondoi. Ndimu haiifanyi kitu. Na haina dawa ya kuiua mwilini. Mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka imtoke. Kinga ni moja tu, kupima kabla mtu hajala."

Na walipima. Hilo ndilo linalofanya habari hii iwe nzito kuibeba. Wanunuzi wa nje hawapokei kome bila kipimo, kwa hiyo maabara hupima kila wiki kwa ajili ya kiwanda. Siku nne kabla Winchi hajaketi kwenye meza ya Mama Kome, sumu ilishaonekana. Tangazo liliandikwa siku hiyo hiyo, likaenda kwa "wasafirishaji wote wa kome nje ya nchi". Kiwanda kikaacha kununua. Wazamiaji hawakuambiwa sababu, na kome waliokuwa wamekwisha kuwatoa majini hawakuwa na pa kuwapeleka, isipokuwa sokoni.

Mlaji aliye ng'ambo, ambaye hajui hata bahari hii iko upande gani, alilindwa. Winchi, ambaye mgongo wake umepakia makasha ya kiwanda hicho hicho kwa miaka, alikula kilichokataliwa.

"Utaratibu unatutaka tuwajulishe wasafirishaji walioandikishwa," anasema ofisa mmoja wa uvuvi. "Soko la ndani halimo kwenye mpango wa upimaji."

Je, utaratibu huo unakataza kupiga simu sokoni? Ofisa anasema haukatazi.

Bwana afya naye anasema hakuletewa nakala. "Mimi nashughulika na soko, wao wanashughulika na mauzo ya nje. Kila mtu na idara yake." Hakusema kwa jeuri, alisema kama mtu aliyelala vibaya. Lakini bango lake bado liko kwenye nguzo.

Mama Kome akisikia neno idara, sauti inampanda. "Soko hili lina kipaza sauti. Kila asubuhi kinatangaza gari lililoziba njia, ufunguo uliookotwa, ushuru umepanda. Mwenye gari anatajiwa mpaka namba yake. Kwa hiyo gari lina thamani, sisi hatuna?"

Kama majibu ya maabara yamejulikana, kwa nini basi aombe radhi? Mwenyekiti wa soko alilijibu swali hilo bila kupepesa macho.

"Watu wamekimbia soko. Hawanunui hata samaki. Tukisema sumu iko baharini, nani atarudi? Tukisema lilikuwa kosa la mtu mmoja, na ameomba radhi, tumemaliza. Mama Kome ni mtu wetu. Tunamwomba atusaidie."

Mpimaji anasema samaki wa kawaida waliotolewa matumbo hawakuwa na tatizo, na kwamba lingetosha kuwaambia watu hivyo. Hakuna aliyemwomba aje kusema.

Ugumu wa Mama Kome, hata hivyo, hauko kwa mwenyekiti. Uko kwa mjane wa Winchi. Siku ya mazishi alikwenda, akakaa kwenye benchi, na wanawake wakainuka mmoja mmoja mpaka benchi zima likawa lake. Mjane hakumfukuza. Hakumsalimu pia, siku ile wala baada yake.

"Nikiomba radhi kwa uchafu, nimepata meza, na yeye nimempa uongo akazeeke nao," anasema. "Nitapika nini tena kikashuka kooni?"

Ijumaa ilifika. Watu walisimama katikati ya safu za meza, wengine juu ya makasha. Mwenyekiti akamkaribisha Mama Kome kwa heshima zote, akamwambia soko linamsikiliza.

"Winchi alikuwa mteja wangu," alianza. "Bakuli lake la mwisho nililipakua mimi, na pilipili niliongeza mimi. Hilo linaniuma, na litaniuma mpaka nife. Ila uchafu sikupika. Siombi radhi kwa nisichopika."

Minong'ono ikazuka. "Kiburi hicho!" mtu alisema kutoka nyuma. Wifi akageuka. "Nani huyo? Njoo mbele, nikuone na meno yako." Hakuja mtu.

Ndipo mjane wa Winchi, aliyekuwa amesimama karibu na bomba la maji, akasogea mbele.

"Uliwaosha?"

"Niliwaosha, dada."

"Uliwachemsha?"

"Mpaka wakafunguka wote."

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula mmoja, wa kuonja. Midomo ikanichezacheza. Nikajisifu kwa pilipili."

Mjane akamgeukia mwenyekiti. "Nasikia kiwanda kiliambiwa kuna sumu. Kiliambiwa lini?"

"Hayo, mama, ni mambo ya wataalamu."

"Nimeuliza lini."

Mwenyekiti alikohoa. Badala ya kujibu, alitoa tamko aliloonekana kuwa amekuja nalo mfukoni. Kwa kuwa mhusika amekataa kuomba radhi, meza inamtoka. Na kwa kuwa soko lina utu, meza hiyo sasa anapewa mjane wa marehemu, iwe mkono wa pole. Baadhi ya watu walipiga makofi, wakaacha walipoona hawajaungwa mkono. Kila mtu alielewa kilichofanyika: wanawake wawili walikuwa wamewekewa meza moja katikati, na aliyewawekea angeondoka mikono yake ikiwa misafi.

Mama Kome aliinamisha kichwa. "Ichukue, dada," alisema. "Una watoto."

"Ni yangu kweli?" mjane aliuliza.

"Ni yako, mama," mwenyekiti akasema, uso umemkunjuka.

"Hakuna wa kuniingilia?"

"Hakuna. Mbele ya wote hawa."

"Na nikitaka kumweka mtu aniuzie?"

"Mradi ushuru ulipwe, ni hiari yako."

"Haya. Kateni kamba." Akasubiri mpaka kisu kilipopita. Kisha, bila kutabasamu, akasema, "Mama Kome, kalete mayai yako."

Soko likapasuka kwa kicheko. Wifi alipiga kigelegele mpaka akapaliwa. Mwenyekiti alikuwa ameshasema mwenyewe, mbele ya wote.

Jumatatu tuliwakuta wote watatu mezani. Mjane anapanga mayai, wifi anaosha vikopo na kuambiwa asidokoe. Faida wanagawana. Tulipomuuliza mjane kama amemsamehe Mama Kome, hakuacha kupanga mayai.

"Sijasamehe mtu," alisema, "kwa sababu sijaambiwa wa kumsamehe ni nani. Huyu nimemuuliza, akanijibu. Wengine wananiambia idara."

Alhamisi hii wanakwenda pamoja ofisi ya uvuvi, na mzamiaji naye amesema atafuatana nao. Wanataka soko liingizwe kwenye orodha ya wanaopelekewa majibu ya maabara, na kome wa sokoni nao wapimwe. Wanajua wataambiwa wakae wasubiri. Wifi ameshasema atabeba kigoda.

Mama Kome anataka kurudia kome. Hafichi. Mayai, anasema, hayana maongezi. Lakini mpaka jibu la kwanza litakapoletwa sokoni, hagusi hata mmoja, hata akiletewa bure.

"Sisi hatuombi mashine, wala jengo, wala semina ya siku tatu yenye soda," anasema, huku akifuta meza kwa kitambaa. "Nataka siku kiwanda kinapoambiwa 'msinunue', na mimi niambiwe 'usinunue'. Asubuhi ile ile. Ni neno moja tu, bwana mwandishi. Neno moja, na Winchi angekuwa hapa anadai chenji."